Leo Nimezima Chakula cha Wakwe

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka tisa, nilitolewa shule darasa la tatu nikapelekwa kuchuma kahawa ya wenyewe nje ya Thika. Nimelala kwa stoo ya magunia. Nimefukuzwa na mbwa wa mzungu na mbwa wa mwafrika. Hakuna kitu kilikuwa kimebaki cha kunishtua. Mpaka leo saa saba mchana, Ruiru.

Wazee wa kikundi, nimeaibika. Wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla video haijawafikia. (Iko video.)

Mnajua Wambui wangu, yule wa kwanza. Amebeba jina la mama yangu, ndio maana namwita maitu, yaani mama. Amepata mchumba, Kamau. Kijana mzuri, hana maneno. Maneno yako kwa baba yake. Mwalimu Karanja alistaafu kitambo lakini bado anaongea na watu kama wamechelewa paredi. Juzi nikapata habari amemwambia Kamau afikirie vizuri, maana msichana ni sawa lakini kwao "hawana eksposha", yaani hawajaona dunia. Ati baba ya msichana hakufika hata darasa la nne.

Hilo neno liliniuma. Si kwa ajili yangu, mimi nimeitwa mambo mengi. Lakini maitu ndiye ataishi na hao watu. Akidharauliwa hata kabla mbuzi wa kwanza wa mahari hajaletwa, ataheshimiwa lini?

Jumapili baada ya kanisa Mwalimu akaanza hadithi zake. Ati zamani akisomea ualimu, walipelekwa hoteli ambapo mpishi anakuja na jiko lake, anapika nyama hapo kwa meza ukimwona. "Siku hizi hoteli kama hizo hakuna," akasema, akiniangalia kwa huruma.

"Ziko," nikasema.

"Wapi?"

"Ruiru. Mimi hukula huko."

(Sijawahi. Hata mdomo wangu ulishangaa.)

Siku tatu nimetafuta. Nikaanzia hapa Kiganjo. Nikauliza mama wa kibanda kama anaweza kupikia mtu kwa meza. Akaniambia, "Mzee, hii meza hata chai ikijaa inalia." Nikaingia Thika mjini, hoteli ya ghorofa. Wakanionyesha microwave. Nikashuka mpaka Mwiki. Mwenye butchery akaleta choma kwa ubao, akaikata mbele yangu kwa madoido, akasimama akingoja nimsifu.

"Hiyo ni kukata," nikamwambia. "Mimi nataka kupikwa."

"Sasa mzee, unataka na mbuzi achinjiwe hapo kwa mapaja yako?"

Mwishowe nikapewa namba ya hoteli moja ndani ndani ya Ruiru. Mpishi ni mzee kama mimi, anaitwa Mutiso. Nikampigia.

"Bado unapikia watu kwa meza?"

"Kabisa. Steki ya pilipili. Naiwasha hapo hapo mbele yenu."

"Sawa. Iwashe."

Mimi nilijua ni jiko anawasha. Muulize mtu yeyote mwenye akili timamu kitu gani huwashwa. Jiko! Mke wangu akaniambia tuchinje mbuzi nyumbani tumalize hiyo maneno, na kama sitaki mbuzi niende peke yangu. Nikaenda na Wambui.

Leo basi. Nimevaa suti. Tumeketi wanne: mimi, maitu, Mwalimu, na bibi yake Mama Kamau, mtu wa maombi, ameokoka mpaka kwa viatu. Kamau alikuwa kazini. Mutiso akaja akisukuma kameza ka magurudumu. Jiko kadogo ka gesi, kikaango, nyama, chupa moja, kofia nyeupe ndefu. Mwalimu akainuka kidogo kwa kiti.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Ni kawaida," nikasema. "Mutiso ananijua."

Mutiso akaniangalia. Akawasha jiko. (Mungu ambariki huyo mtu.)

Nyama ikaanza kulia kwa siagi. Harufu! Mwalimu akanyamaza kabisa, na kumnyamazisha huyo si kazi rahisi. Nikaona maitu anatabasamu. Nikajua nimeshinda. Hapo ndipo Mama Kamau akasema, "Baba Wambui, si utuombee."

Wazee, kusoma sijasoma. Lakini kwa maombi hakuna mwalimu ananishinda.

"Dad," maitu akaninong'oneza, "fupi."

Nikamwambia Mutiso, "Wewe endelea na kazi." (Hayo maneno manne ndiyo yalinimaliza.) Nikafunga macho.

Nikaombea meza. Nikaombea Kamau na mkubwa wake wa kazi. Nikaombea barabara, mvua, ng'ombe. Mama Kamau akaanza kuitikia, "Ndio Baba! Pokea!" Na mnajua mtu akikuitikia namna hiyo unapanda gia. Nikasimama. Nikainama mbele, mikono juu.

"Baba, shusha moto! Shusha moto wako juu ya meza hii!"

FUUUP!

Joto likanipiga uso mzima. Nikafungua macho.

Ngai! Moto! Hapo karibu na sahani zetu! Mrefu kama mtoto wa nasari, chini bluu, juu manjano, na kuni hakuna! Nitawaambia ukweli. Wazo la kwanza lilikuwa: nimejibiwa. Miaka arobaini naomba moto ushuke na haujawahi kushuka, leo umekuja na mimi sijajipanga. La pili: utachoma maitu.

Nikasukuma Mama Kamau nyuma pamoja na kiti chake. Nikasimama mbele ya Wambui. Nikashika jagi ya juisi ya pasheni nikaimwaga yote. Kwa moto. Kwa nyama. Kwa Mutiso.

"Moto! Tokeni nje! Watoto kwanza!"

(Hakukuwa na mtoto hata mmoja.)

Kikaango kikafanya "tssss" ndefu. Mutiso alikuwa na mbegu za pasheni mpaka kwa masharubu.

"Mzee," akasema polepole, "umezima chakula."

"Si kilikuwa kinaungua?"

"Ndivyo kinapikwa! Unaweka brandi, unawasha. Si nilikuambia naiwasha?"

"Brandi?" Mama Kamau akauliza.

"Wale wa mara ya kwanza huwa wanaruka kidogo," Mutiso akaendelea, akijipangusa. "Lakini wa kuzima ni wewe peke yako."

"Mara ya kwanza?" Mama Kamau akauliza tena.

Hapo ningetaka sakafu ipasuke. Meza zingine zote zimeinua simu. Kuna mmoja alikuwa analia kwa kucheka. Maitu amejifunika uso na menyu. Nikasema, basi, nimemharibia. Nikageuka nimwangalie Mwalimu, nipokee hukumu yangu kama mwanaume.

Kiti tupu.

Tukachungulia chini ya meza. Hakuna.

"Yuko pale," maitu akasema.

Alikuwa kwa geti! Amesimama nyuma ya askari, kitambaa cha kula bado kimening'inia kwa shingo. Mtu wa eksposha! Huyo huyo aliyeona huo moto akisomea ualimu! Akarudi pole pole akirekebisha tai.

"Nilikuwa naenda kuita fayabrigedi," akasema.

"Na simu yako iko hapa kwa meza?" bibi yake akamuuliza.

Mwalimu akaangalia simu. Simu ikamwangalia.

"Karanja," Mama Kamau akasema, na hakupaza sauti, "moto umewaka ukaokoa miguu yako peke yake. Huyu hata hakujua ni chakula, na aliniondoa mimi kwanza, akasimama mbele ya mtoto wake. Msichana aliyelelewa hivyo ndiye nataka kwa nyumba yangu. Sitaki kusikia tena hiyo neno yako ya eksposha."

Akanigeukia. "Baba Wambui, tutakuja kwako Jumamosi ijayo na mbuzi. Mtatupikia huko jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Na isiwekwe brandi."

Tukakula chipsi. Wakati wa kuagana Mwalimu akanivuta kando, akaniomba hiyo ya geti nisiwaambie watu. Nikamwahidi sitasema.

Basi, mimi nilianza bila kiatu. Leo niko na nyumba ya mawe Kiganjo, vyumba kumi na viwili vya kukodisha, shamba Gatuanyaga, ng'ombe watatu wa maziwa, pikapu moja, msichana mmoja anayekuja kuposwa Jumamosi, na nyusi moja. Ile ingine wanasema itamea. Mtu akicheka, asije kula mbuzi.