Steinvör Alivyolivua Nguo Neno la Kiingereza

Jongeeni, enyi mlionyang'anywa vyenu kwa maneno msiyoyajua! Nanyi mabwana wa tai na semina, jongeeni pia, mkae pale kwenye theluji, maana habari hii yawahusu. Nawasimulia vita vya Steinvör binti Hallur, simba-jike wa sarufi, mwalimu mstaafu ambaye manahodha wazima wakimwona njiani huficha sigara. Siku alipolikamata neno moja la Kiingereza akalivua nguo hadharani.

Wala msiniambie ni jambo dogo. Mimi sisahau. Nakumbuka kiwanda chetu cha samaki, bosi alivyopanda juu ya kreti akatutamkia neno refu la Kiingereza, nasi, mazuzu tuliokubuhu, tukampigia makofi tukidhani ni bonasi. Jumatatu tukakuta lango lina kufuli. Tangu siku hiyo neno la kigeni likija limepigwa pasi, mimi hushika mfuko wangu.

Basi katika mji wetu huu wa kaskazini mwa Aisilandi ipo sheria: bango la manispaa haliangikwi mpaka Kamati ya Maneno ilipe jina la Kiaisilandi, nalo litangulie kwa herufi kubwa, Kiingereza kifuate chini kama mkia. Kamati ni watu watatu: Steinvör, mchungaji mstaafu Ísleifur, na mimi. Na baraza letu ni chungu, ndivyo tuitavyo kidimbwi cha maji moto kando ya bwawa la kuogelea, ambamo kila asubuhi ya maisha yetu tumekaa, maji shingoni na barafu nyusini, tukiwasengenya mawaziri.

Chungu hicho ndicho alichokitamani Ketill, mkurugenzi wa manispaa, Ketill Meno-Meupe, mshindi wa warsha zisizo idadi, aliyerudi kutoka London na shehena ya maneno. Alitaka kiitwe "Wellness", kiingiwe kwa kuweka nafasi na kuvaa bangili ya plastiki. Na sisi wazee? Tulitengewa Jumanne alasiri. Bango lilikwisha kuchongwa, sehemu ya juu tu ikiachwa wazi. Na sheria ina tundu: Kamati ikishindwa kutoa neno asubuhi ile, mwisho wa muda wake, Kiingereza kingesimama peke yake.

Akaja adui. Alijaribu kupenya na bukta yake kavu, lakini mlinzi wa bafu, ngome isiyovunjika, akamrudisha akaoge uchi kwa sabuni kama kila mwana wa Adamu. Kisha akateremka kati yetu, akitabasamu.

"Habari za asubuhi, wazee wangu. Tusichelewe, eh? Nipeni tu neno lenye mvuto."

Ísleifur, farasi mzee asikiaye tarumbeta, akainuka nusu kifua. "Wazee wetu hawakuomba maneno kwa jirani! Kompyuta ilipokuja waliipa jina lenye maana ya nabii wa kike wa hesabu. Nami napendekeza: Ustawi-wa-Nafsi-kwa-Njia-ya-Mvuke-Mtukufu!"

"Mchungaji, umeua!" Ketill akapiga maji kwa furaha.

Na huo, wasikilizaji, ndio ugonjwa wetu. Tukiletewa upuuzi wa Kiingereza hatuufukuzi. Twaushonea joho la kale, kisha twaupigia magoti kwa sababu joho ni letu.

Hapo ndipo Steinvör aliposimama, mvuke ukimtoka mabegani kama mlima unaotaka kulipuka.

"Ísleifur, hebu nyamaza. Unamtawaza mtu hata uso hatujamwona. Wewe Ketill, kabla ya kuingia humu ulifanya nini?"

"Nilioga, mwalimu."

"Na kwapani?"

"Na kwapani, mwalimu."

"Basi na neno lako lioge. Ni nini hiyo Wellness?"

"Ni... safari ya kujitafuta."

"Ulijipoteza wapi?"

Chungu kizima kikacheka. Ketill akajaribu tena. "Ni mwili kutulia, mwalimu. Na roho."

"Hutulizwa na nini? Theluji?"

"Hapana. Na... maji."

"Ya baridi?"

"Ya moto."

"Yatoka London?"

"Yanatoka ardhini. Hapa hapa."

"Na kabla hujaenda semina, yalikuwapo?"

Shujaa wa warsha akayatazama maji yaliyomfika kifuani. "Yalikuwapo," akanong'ona.

"Kamati imepata neno," alinguruma Steinvör. "*Heitt vatn*."

Maana yake ni maji moto. Basi.

"Jamani, mwalimu! Nani ataweka nafasi avae bangili kwa ajili ya maji moto? Kila nyumba ina bomba lake!"

"Hilo swali," alisema Steinvör, "nilikuwa nangoja uulize."

Nikanyoosha mkono. Ísleifur, kwa uchungu wa baba anayezika mtoto, akanyoosha wake.

Bango limeangikwa, kama sheria isemavyo: MAJI MOTO, kwa herufi kubwa, na "Wellness" chini kama mkia, juu ya maji moto. Wapita njia wanalicheka mpaka wanashika ukuta. Bangili zimo katoni, zinazeeka. Jumanne asubuhi tuliketi palepale, na Jumatano pia.

Falme zimeangushwa kwa mizinga. Huu uliangushwa na bibi mwenye kofia ya kuogelea. Ichongeni siku hiyo katika mawe! Yeye mwenyewe, kura zilipokwisha asubuhi ile, hakungoja nyimbo. Mabega yalikuwa yameanza kuganda, akazama mpaka kidevuni.

"Ketill mwanangu," akasema, "sogea. Umenikalia penye moto."