Malalamiko Kuhusu Wanaokuja Kuhesabu Simbilisi Wangu

Kwa Mkurugenzi,
Shirika la Mbegu na Matumaini,
Ayacucho.

Ndugu Mkurugenzi,

Sasa hivi mwanangu Yulisa, wa mwaka mmoja na miezi minne, amewalisha simbilisi fomu yenu ya ukaguzi. Wameila yote, na muhuri wake. Ndiyo maana naandika kwenye daftari.

Mlinipa simbilisi kumi wazaliane, niuze, nijitegemee. Nashukuru sana. Lakini barua yenu inasema nimebaki na wawili, mimi mzembe, na nitafutwa kwenye orodha ya mpira wa kumwagilia majani. Bila maji hakuna majani, bila majani hakuna mifugo, na Yulisa wangu ataota meno kwa viazi vitupu. Basi nisikilize:

1. Simbilisi wangu hawafi. Wanaliwa, na mnawala ninyi. Huku kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Huchomewa simbilisi mzima, na kichwa chake.

2. Mhandisi Wilber alikuja kuhesabu. Akakuta kumi, akala wawili, akaandika kumi. Wiki iliyofuata akakuta wanane, akashtuka, akamleta daktari wa mifugo atafute ugonjwa. Daktari akala wawili, akaandika: "Wana afya njema sana."

3. Walipobaki sita mkaleta wataalamu watatu watufundishe kuzuia upotevu. Nikapanga kuchoma watatu. Mama mkwe wangu, Mama Fortunata, akanijia juu: "We binti, na dereva je? Mtoto wa mwenzio ashibe harufu?" Wakachomwa wanne.

4. Simbilisi hubeba mimba siku sitini na tano. Wakaguzi wenu hawasubiri hata kumi.

Kwa hiyo naomba mtume wakaguzi walioshiba, au wasiokula nyama, au vibogoyo. Na kama mnataka kuona mradi ulivyonenepa, mpandisheni Mhandisi Wilber kwenye mizani.

Wasalimie wote hapo ofisini, na wake zao, na yule dereva aliyesema asante mara mbili.

Ni mimi ninayewategemea bado,
Nilda Huamaní

N.B. Nimeisoma tena nikaona haya. Wewe mwenyewe hujawahi kula kwangu, nami nakusema kama sikulelewa. Njoo Jumapili, tafadhali. Hawa wawili ni wanono kweli, na viazi vipo. Samahani, Mama Fortunata ananiita, kuna gari lenu limesimama nje, anasema nimshikie jike upesi kwa kuwa maji ya kumnyonyolea yameshachem