Mama Yangu Hagombei Urais

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi,
Kutoka kwa Birago Nkansah, fundi cherehani, mji wa Asuogyaa, njia ya Kumasi.

YAH: RATIBA YA KAMPENI NA MAZISHI YA MAMA YANGU

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umepumzika kidogo, maana uchaguzi si lelemama. Naandika kwa heshima zote kuiomba Tume yako iingilie kati ili mama yangu, Eno Pokuaa, azikwe. Alifariki wakati vyama vinachagua wagombea wao. Leo rais ameshapatikana, na yeye bado yumo kwenye jokofu la hospitali. Najua kwetu maiti kukaa si ajabu. Watu husubiri ndugu wa Ulaya wapate nauli. Mama yangu hana ndugu Ulaya. Yeye anasubiri wagombea.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uteuzi ndani ya vyama. Msiba ulipotimiza wiki moja tulikusanyika, kama desturi, tutajiwe tarehe ya maziko. Mjomba Gyamerah, kaka wa marehemu na mkuu wa ukoo wetu, akasimama, akakohoa, akasema, "Jamani, haraka ya nini? Marehemu haendi popote. Chama cha Kinu bado hakijapata mgombea. Tukizika sasa atakuja nani, diwani?" Watu wakacheka, wakala, wakaondoka bila tarehe.

2. Mgombea alipopatikana, tuliambiwa tumsubiri mgombea mwenza, huenda akatoka kwetu. Hakutoka kwetu.

3. Ilani. Mjomba alikwenda makao ya Kinu kumwalika mgombea. Akajibiwa kwamba mkoa wetu huipigia kura Kinu tangu enzi za mababu, kwa hiyo Mheshimiwa hana sababu ya kuja kulia huku. Machozi yake yanahitajika kwenye mikoa ambayo haijaamua. Ilani yao nimeisoma yote. Ina maji, ina umeme, ina reli ya kwenda mpaka kusikokuwa na watu. Mjomba alirudi amefura, akawaalika mahasimu wao, Chama cha Mchi, waje kuzika Jumamosi. Kinu waliposikia wakakubali kuja, tena Jumamosi ileile. Mjomba anajisifia ujanja huo mpaka leo.

4. Matangazo ya msiba. Ili mgombea wa Kinu asigeuze nia, Mjomba alichapisha tangazo jipya lenye sura ya mgombea huyo ukurasa mzima, akiitwa mfiwa mkuu. Mama akawekwa kwenye kona, kadogo kama stempu. Mji mzima ukaamini aliyefariki ni mgombea. Muuza mihogo wa stendi alijitupa chini akilia, "Baba umetuacha! Lami yetu nani ataileta?" Watu wa Mchi wao walipiga ngoma mpaka jioni. Wakati huohuo, tangazo la zamani la mama, lile lenye picha yake amejifunga kitambaa cha Pasaka, lilikuwa bado limebandikwa katikati ya mabango ya wagombea. Mpita njia mmoja akaniuliza, "Huyu mama anagombea kwa chama gani? Ana sura ya mtu mkweli, kura yangu anayo." Nikamwambia hajaahidi kitu. Akasema, "Basi ndiye."

5. Mikutano ya hadhara. Jumamosi ilifika. Mama alitolewa hospitali akalazwa kwenye kitanda cha shaba ili aagwe, amevaa kente yake ya harusi, turubai la Kinu kulia na la Mchi kushoto. Misafara miwili ikaingia kwa pamoja. Mgombea wa Kinu, ambaye hakuwahi kumwona mama hata kwa mbali, akashika kipaza sauti: "Eno Pokuaa alikuwa Kinu damu!" Upande wa pili wakapokea: "Mwongo wee! Hata jina lake umeandikiwa!" Viti vikaruka. Askari wakashauri marehemu aondolewe kwa usalama wake. Katika mji wetu hajawahi kuonekana mtu aliyetoka kwenda kuzikwa akarudi. Mtunza maiti alipofungua mlango alishika kiuno: "Heh! Bibi, umerudi? Wamekukataa huko?" Mjomba akamjibu bila aibu, "Tulia wewe, tutarudia." Nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia, kwa sababu siku nzima sikuwa nimepata nafasi ya kulia.

6. Baada ya kura. Hakuna hata msafara mmoja uliopita tena Asuogyaa. Sasa Mjomba anasema tungoje kesi ya matokeo iishe mahakamani, halafu kuapishwa, halafu mshindi azunguke kushukuru. Asipozunguka je? "Miaka minne si mingi, Birago. Mbona mama yako halalamiki?"

Kwa hiyo naiomba Tume ichague moja. Ama wagombea wapigwe marufuku kukanyaga misibani. Ama kampeni nzima, toka uteuzi mpaka kiapo, imalizwe Jumamosi moja, na tarehe itangazwe mapema ili wananchi wapate kufa kwa utaratibu. Na kama yote mawili hayawezekani, basi mama yangu atambuliwe kuwa mgombea. Amehudhuria kila hatua, hajamtukana mtu, hajampa mtu kitu, na matokeo ameyakubali.

Mheshimiwa, nikiacha mzaha, nimechoka. Nataka mama yangu alale ardhini kama watu wengine, nami nimlilie mpaka nimalize, nivue nguo nyeusi. Kila wakitaja tarehe mpya huwa kama amekufa upya. Jana kaka zangu walichimba kaburi. Leo wako hospitali wanamvalisha, na kesho asubuhi tunamzika, bila turubai, bila kipaza sauti. Mjomba asipotaka, shauri yake. Ombi langu kubwa ni mtuzuilie misafara, hata kwa nusu siku.

Wasalimie makamishna wote, makarani, na yule dada aliyenipaka wino kidoleni kwa upole. Mungu akupe afya na familia yako.

Mimi mpiga kura wako mtiifu,
Birago Nkansah

Tanbihi: Naomba barua hii uichane. Nilipokuwa natafuta bahasha, Mjomba aliingia mbio na simu mkononi. Ni Rais mteule mwenyewe! Atakuja kutoa rambirambi mara tu baada ya kuapishwa. Amenitaja kwa jina: "Birago, mama yako alikuwa mama yangu." Sauti yake ni tamu kuliko redioni. Nimewapigia kaka zangu wamvue mama kente wamrudishe ndani. Si muda mrefu, na marehemu alikuwa mtu wa subira. Kaburi tumelifunika kwa mabati, mvua isiingie.