Ala ya Mguu wa Kuku

"Polisi watoa msamaha wa mwezi mzima!" Harish alikuwa anatusomea gazeti kutoka nyuma ya kaunta. "Mwenye bastola aisalimishe kituoni. Haulizwi kitu."

"Haulizwi kitu?" Zein akaweka kikombe chini. "Yakhe, mie nikienda maktaba kuazima kitabu naulizwa nilikozaliwa!"

Ilikuwa Jumamosi mchana, Aprili 2003, kijiweni kwetu Tooting, mkahawa wa Harish huku kwa Waingereza. Harish kazaliwa Mwanza, na chai yake ya tangawizi inamfanya mtu asamehe hali ya hewa. Zein ni Mzanzibari mlinzi wa ofisi ya bima. Tunamwita Kamanda, ingawa silaha yake ni tochi na daftari la wageni. Mimi wananiita Karani, kwa kuwa huwa nakaa kimya, kisha nawaumbua kwa maandishi.

Mara akaingia Solomon, Mkenya dereva wa basi la ghorofa, kwa jina la kijiweni Dabo Deka. Jasho linamtoka. Akamwaga mezani mfuko wa plastiki, vikaanguka vitu vitatu vya ngozi vyenye mikanda.

"Jameni, nisaidieni kuchagua. Nasafiri kesho."

Harish akaruka. "Aisee! Salimisha hivyo kabla sijamaliza kusoma!"

"Ni ala tu za bastola! Hazina kitu ndani. Nimezitoa sokoni. Hii ya kiunoni, hii ya kwapani, hii ya mguuni. Sijui mzee atataka gani."

"Mzee yupi?"

"Inspekta mstaafu Chelule, babake Dinah, mchumba wangu. Juzi nilimpigia na kadi ya simu, nimwambie naenda Nakuru kujitambulisha. Laini inakwaruza kama nini. Akasema, 'Kijana, niletee krrr ya mguu wa kuku, ya mkono wa kushoto. Mipira yake minne iwe mipya. Na kile kishikio cha kando ya kitanda. Mama Dinah asijue.' Halafu kadi ikaisha."

Kwa asiyejua: mtu wa mjini kwetu akitaja mguu wa kuku huku ameshusha sauti, hazungumzii kitoweo. Anazungumzia bastola.

"Inspekta mstaafu hakosi chuma chake cha leseni," akasema Zein, tayari ameshakaa mkao wa bingwa. "Anataka ala. Na hiyo mipira minne ni risasi za mpira. Mkweo mpole huyo, hataki kuua."

"Risasi sibebi! Nitaishia uwanja wa ndege wa Hithro! Lakini ala lazima iwe ndiyo yenyewe. Wachumba wawili ameshawatimua. Wa kwanza alileta saa, mzee akasema hakuomba saa. Wa pili alileta blanketi, akamwuliza kama amemwona anatetemeka. Na Dinah ameniambia wazi, baba akikataa, hataenda kinyume naye. Buda, nampenda huyo msichana mpaka nasahau kufungua milango ya basi!"

Alisema hivyo kwa sauti ya kuvunjika, nasi tukaona aibu kucheka. Aibu yenyewe haikudumu.

"Tuanze na ya mguuni," akasema Harish. "Mzee ana miaka mingapi?"

"Sabini na mbili."

"Sabini na mbili, ainame mpaka kifundoni? Bwana, mwizi atasubiri, atachoka, atajipikia chai."

"Basi ya kiunoni."

"Ana kitambi?" akauliza Zein.

"Nimekwambia ni inspekta mstaafu."

"Basi akitaka kuchomoa itabidi aombe ruhusa kwa tumbo kwanza. Kwapani, bwana! Wanaume wa maana huweka kwapani."

"Ni mzee wa kanisa," Solomon akalalamika. "Wakiimba, mikono juu, koti linafunguka..."

"Hapo hata mchungaji atalala chini ya benchi," nikasema mimi, maana uvumilivu una mpaka.

"Na kishikio cha kitandani ni cha upande gani?" Harish akauliza.

"Wa kushoto."

"Mama Dinah analala upande gani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ujue! Kama mama ndiye analala kushoto, bastola si ya mzee tena. Utakuwa umempindua mkweo chumbani mwake."

Zein alikuwa keshavaa ile ya kwapani juu ya sweta. "Maneno hayachagui ala. Harish, lete kitu tujaribie."

Harish akaangaza macho kaunta nzima. Ndizi zimekwisha, mogo, ile mihogo ya kukaanga, imekatwa vipande. Akashika koleo akatoa paja la kuku wa pilipili, lenye mfupa wake wa kushikia. Lilijaa alani kama limeshonewa.

"Mguu wa kuku ndani ya ala ya mguu wa kuku!" Zein akasimama mbele ya kioo cha friji ya soda. "Mikono juu!" Akachomoa. Mafuta yakaruka mpaka kwenye picha ya marehemu baba yake Harish. Akarudisha, akachomoa tena. Solomon akasahau shida zake, akavaa ya kiunoni, akapewa paja lake. Wazee wazima wawili wakageukiana hatua tano tano, Harish akiwahesabia kwa Kisukuma.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia polisi.

Sote tukaganda. Polisi akautazama mkanda wa Zein, akalitazama gazeti kaunta, akamtazama Zein usoni.

"Bwana," akasema kwa Kiingereza cha upole unaotisha, "kitoe polepole. Kwa vidole viwili."

Zein, Kamanda wetu, akatoa paja kwa vidole viwili. Tone la mafuta likadondoka kwenye kiatu.

Polisi akalikagua kwa muda mrefu. "Lina risasi?"

"Pilipili tu," akajibu Harish.

"Nifungie mawili kama hayo." Akalipa, akaondoka, na mlango ulipofungwa tu tukaangukiana kwa kicheko. Zein alikaa chini akidai hakuogopa, miguu yake ndiyo iliyoogopa.

Hatukumwona Célestine, aliyeingia nyuma ya polisi. Ni mwenzetu kutoka Bukavu, anatunza wazee kwenye makao yao, tunamwita Mama Shifti kwa zamu zake zisizoisha. Alivua viatu chini ya meza.

"Njo nini hii munafunga ku kwapa?"

"Tunamchagulia mkwe wa Dabo Deka ala ya mguu wa kuku," nikamwambia.

"Mguu ya kuku, ku kwapa? Weye, muzee ataanguka!"

"Aanguke kwa nini?" Zein akahamaki. "Ameishika miaka thelathini!"

"Makumi tatu? Pole yake. Anaishikaka ku mukono gani?"

"Kushoto," akasema Solomon.

"Basi njo goti ya kuume inamuuma."

Solomon akauliza taratibu, "Goti gani tena?"

"Goti ya kuume ikiuma, fimbo unaishika kushoto. Ile fimbo ya vidole vine ku chini. Shiye na mwenzangu Placida ku kazi tunaiitaka jina ya mguu ya kuku, kila siku! Iko na mipira ine ya kuzuia kuteleza. Na ile kitu ya ku ukuta ya kuipachika karibu na kitanda."

Mipira minne. Solomon akamgeukia Zein, Zein akaugeukia ukuta.

Harish alimkwangulia Solomon kadi mpya, wakapiga simu ya ukutani, nasi tukabananisha masikio pale pale.

"Baba, ile ya mguu wa kuku... ni fimbo?"

Sauti nzito ikajibu: "Nani amekwambia goti langu ni bovu?"

"Hakuna, Baba. Ulisema mkono wa kushoto, nikajua ni goti la kulia."

Mzee akashusha sauti. "Miaka miwili Mama Dinah ananiambia nishike fimbo, nami nabisha. Siwezi kumwambia leo kuwa ameshinda. Sasa sikiza. Utanipa mbele yake, kama zawadi. Nitakataa mara mbili. Ya tatu nitapokea, kwa heshima yako wewe."

"Ndiyo, Baba." Machozi yalikuwa yanamtoka Dabo Deka. "Na... bastola, Baba?"

"Bastola? Nilirudisha siku ya kustaafu! Mtu wa goti hili akichomoa bastola, itabidi mwizi amshike asianguke. Njoo, kijana. Nakungoja."

Solomon akambusu Harish kipara, akaelekezwa duka la fimbo ng'ambo ya barabara, akatoka mbio na ala ya kiunoni bado imemkaa. Zein akavua yake, akaitazama mezani, kisha akainua macho.

"Hapa palikuwa na mapaja mawili. Silaha zangu ziko wapi?"

Célestine alikuwa anapangusa vidole kwa gazeti, mifupa miwili imelala kwenye kisosi.

"Nimeisha kusalimisha," akasema. "Na hamuniulize kitu."