Daktari wa Viazi wa Kampemba

Mwaka ule Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, ilikuwa na bendera yake, stempu zake na noti zake za fedha. Ilichokosa ni viazi. Treni za kusini zilileta saruji, sabuni na uvumi, na wapishi wa Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi, waliota viazi mchana kweupe. Ndiyo sababu Symphorien Kasonde, alipokuwa akipita mtaa wa Kampemba asubuhi moja mwanzoni mwa Agosti, alikaza breki za baiskeli yake kwa ghafla hata akaangukia ua wa matete.

Nyuma ya ua huo, katika mwezi ambao hata magugu huwa yamekata tamaa, palikuwa na mistari kumi na miwili ya viazi vilivyostawi, majani yakikaribia magoti. Mwenye bustani, mjane aitwaye Mama Clotilde Chileshe, alikuwa akivimwagilia maji kwa kopo.

Symphorien hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Symphorien alifunguliwa na kukaribishwa chai. Alikuwa amekwisha kuwa mkaguzi wa saa za ukutani, wakala wa bima ya mabati na, kwa wiki mbili tukufu, balozi wa Katanga kwa wauza mkaa. Zaidi ya hayo, katika miezi minane ya uaminifu ambayo hakuifurahia, alifagia bustani ya misheni, na huko alijifunza mambo mawili. La kwanza: kiazi cha mapema sharti kilishwe. La pili, ambalo alilihesabu kuwa uvumbuzi wake mwenyewe: mmea ukichanua, mtu anaweza kupenyeza mkono udongoni, kuvitoa viazi kimoja kimoja, kuurudisha udongo, na kuyaacha majani yamesimama vilevile. Mwenye shamba ataendelea kuyasifu majani yake mpaka yakauke, na wakati huo mvumbuzi atakuwa Sakania, mpakani, akinywa bia.

Kabla ya adhuhuri alikuwa jikoni kwa André Kabwe, mpishi mnene wa kambi ya askari wa kigeni ambao, pasipo viazi, walikuwa wameanza kumwangalia yeye mwenyewe kwa macho ya njaa.

"Magunia matatu, samedi ya mwisho ya mwezi," alisema Symphorien, akiihesabia Jumamosi hiyo kwa vidole. "Wewe unanipa katoni mbili za nyama ya kopo leo."

"Ule aliyekuja mbele yako alikula nyama yangu, akapotea," alijibu Kabwe. "Acha kitu hapa, ndugu."

Symphorien aliacha baiskeli. Haikuwa hasara ndogo. Hila zake zote, hata zile nzuri sana, zilimalizika kwa kukanyaga pedali kwa nguvu. Bila baiskeli angelazimika kuwa mtu mwema. Lakini magunia matatu yalikuwa yakinenepa udongoni, na nyama ilikuwa tamu.

Kesho yake alibisha kwa Mama Clotilde amevaa koti jeupe la kinyozi mmoja wa Kamalondo, na mkononi ameshika faneli ya mafuta.

"Bonjour, Mama. Niko docteur wa mimea. Nilipita hapa jana, nikasikia sauti."

"Sauti ya nani?"

Symphorien alipiga magoti, akaisimika faneli udongoni, akatega sikio kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea ungamo.

"Biazi byako, Mama. Biko na njala. Binalia."

"Binalia na luga gani?"

"Kila mustari na yake. Huu hapa ni Kibemba."

"Ah," alisema Mama Clotilde. "Basi ni ba kwetu. Banaomba nini?"

Hapo Symphorien alieleza, na inanipasa kukiri kwamba alisema kweli tupu, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa muda mrefu. Samadi iliyooza vizuri iwekwe kando ya shina, wala isiliguse. Majivu ya kuni yafuate. Maji yamwagwe jioni, kidogo kidogo, pasipo kuyalowesha majani. Kila wiki udongo upandishwe kuzunguka mmea, ili kiazi kisione jua na kugeuka kijani. Kisha, akifikiria samedi yake, aliongeza sharti moja:

"Na muntu mwingine asiguse udongo, Mama. Hata wewe. Mukono wa muntu asiye docteur unaua dawa."

Mama Clotilde alimtazama kwa heshima kubwa. "Hata ndoo ya mavi nisibebe?"

"Hata ndoo..." alianza Symphorien, na hapo akaliona shimo, lakini miguu yote miwili ilikuwa tayari ndani yake.

"Merci, docteur. Mazizi iko kule ng'ambo ya reli."

Kwa wiki tatu Symphorien alibeba samadi. Alivuka reli mara nane kila asubuhi, akifuatwa na nzi walioonekana kumthamini. Alipandisha udongo, akachekecha majivu, akateka maji hadi viganja vikachubuka. Mama Clotilde alikaa kitini akimenya karanga.

"Docteur, mustari wa tano unasema nini leo?"

"Inashukuru, Mama."

"Wa sita nao unanung'unika. Naona uliupa ndoo moja tu."

Naye akavuka reli tena. Kila adhuhuri, alipokwenda kulala kama maiti chini ya gari bovu la jirani, alijifariji kwa maua meupe yaliyofunguka juu ya mistari yote kumi na miwili.

Samedi ikafika. Mama Clotilde aliaga kwamba anakwenda mjini. Symphorien alitandaza magunia matatu, akakunja mikono ya koti, akapenyeza vidole chini ya mmea wa kwanza kwa ulaini wa mkunga.

Hakuna kitu. Chini ya mmea wa pili alipata kiazi kimoja, sawa na punje ya njugu. Wa tatu ulikuwa na viwili, na vyote viwili vilionekana kuwa vimezaliwa asubuhi ile. Aliendelea hadi mstari wa nane, akiwa amezama udongoni hadi mabegani, na hapo akasikia kengele ya baiskeli aliyoifahamu. Kabwe alikuwa akiiendesha. Mama Clotilde alikaa nyuma, kikapu kitupu mapajani.

"Docteur, unatafuta nini mule?"

"Napima joto, Mama."

"Bya kwanza nilishatoa, nikauzia mupishi huyu. Kila wakati ulipoenda kulala, mimi natia mukono, natoa bikubwa, naacha bidogo bikomae. Mama yangu alifanya vile, na mama yake pia. Kumbe kwenu bantu banang'oa muti muzima?"

"Askari banafurahi sana," alisema Kabwe. "Banasema hawajakula biazi binono vile tangu bafike. Sasa magunia yangu matatu, ndugu. Ao nyama yangu."

Nyama ilikuwa tumboni tangu wiki tatu zilizopita. Symphorien aliitazama baiskeli, kisha akayatazama majani, mabichi, manene, yakitikisika kwa afya ambayo yeye mwenyewe aliivusha reli kwa ndoo.

"Hibi bidogo," aliuliza taratibu, "binaweza kujaza magunia matatu?"

Mama Clotilde aliiokota faneli, akaisimika, akainama, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Binasema binaweza," alijibu. "Lakini biko na njala."