Pindo la Koti la Kocha Mkuu

Jumatatu, 10 Februari

Habari kubwa! Kocha Royce Gunderman anastaafu msimu ukiisha. Ametuambia baada ya mazoezi, huku anakula sandwichi ya nyama ya nguruwe iliyouzidi mkate pande zote, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Kesho theluji, jamani, na mimi naacha kazi.

Kwa hiyo Chuo cha Harlan Creek kinatafuta kocha mkuu wa mpira wa kikapu. Mimi! Nani mwingine? Nimekuwa msaidizi wa Gunderman tangu nywele zake zikiwa nyekundu.

Jioni Bi. Pruitt, mkurugenzi wa michezo, ameniita ofisini. Amesema ni mimi au Tanner. Tanner! Msaidizi wa pili, mtoto mwenye ndevu za majaribio, anayelala na kishikwambi chake kifuani. Bi. Pruitt amesema, usinielewe vibaya, Dwight, lakini Tanner amewahi kuongoza mechi na wewe hujawahi.

Kweli. Mechi yenyewe ilikuwa Novemba ya mwaka juzi. Gunderman hakuwepo uwanjani kwa sababu alikuwa kando yangu makaburini, tunamzika mke wangu Bertie. Alinishikia mwavuli, yeye mwenyewe akaloa hadi soksi. Timu ikabaki kwa Tanner. Akashinda kwa pointi kumi na nne.

Bertie angecheka mpaka ashike mbavu. Mimi bado.

Uamuzi ni Jumatatu ijayo. Kabla ya hapo kuna mechi mbili. Nahitaji kuongoza moja tu. Hata nusu.

Jumanne, 11 Februari

Mpango! Umenijia nikipaka mkate siagi.

Kazi yangu kubwa kwenye benchi ni kushika pindo la koti. Gunderman akikasirika huvuka mstari kwenda kummeza mwamuzi mzima mzima. Akivuka, kosa. Makosa mawili, anatolewa nje, na msaidizi mkubwa anachukua timu. Ndiyo maana lazima mtu akae nyuma yake amvute kama mbuzi wa kamba. Mtu huyo ni mimi. Makocha wengine siku hizi wanavaa sweta. Yeye bado ni lile koti la kahawia.

Zamani pindo lilichanika kila mwezi. Bertie alichoka kulishona. Akakata pazia letu la jikoni, la manjano lenye malimau, akashonea ukanda wake ndani ya koti, mishono mitatu mitatu. Akamwambia Gunderman, haya, sasa hata fahali akivuta halichaniki. Dirisha letu la jikoni likakaa uchi hadi Pasaka, majirani wakituona tunakula.

Mpango wenyewe: nisishike. Basi. Mpango wa kwanza maishani mwangu usionitaka nifanye kitu.

Jumatano, 12 Februari

Mechi ya nyumbani. Balaa.

Nilikaa juu ya mikono yangu, tayari. Mwamuzi akapuliza kipenga cha ovyo kabisa. Gunderman akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua, akasema asante. Asante! Kumbe binti yake kamfundisha kupumua, na daktari kampa vidonge vya presha.

Nikajaribu kumchochea. Nikamnong'oneza kwamba mwamuzi alimcheka. Akanijibu nimwache kijana wa watu, huoni viatu vinambana? Tukashinda bila mtu kupandisha sauti. Sijawahi kuona ushindi wa kusikitisha namna hii.

Mikono imekufa ganzi. Tanner aliniuliza kama nina baridi, akanipa glavu zake. Nimezikataa. Kisha nimezichukua.

Alhamisi, 13 Februari

Mpango wa pili: kahawa. Gunderman siku hizi anakunywa ile isiyo na makali. Nimenunua ya kweli, nyeusi kama lami. Jumamosi itaingia kwenye chupa yake.

Baadaye nimemkumbuka yule aliyenishikia mwavuli makaburini. Nimeamua nitachanganya nusu kwa nusu. Mimi si mnyama.

Ijumaa, 14 Februari

Sikukuu ya wapendanao. Bertie alikuwa akioka pai ya sukari na maziwa, anaichora moyo kwa mdalasini. Moyo ulitoka kama kiazi kila mwaka. Alisema ndivyo mioyo ilivyo, muulize daktari yeyote.

Nimenunua pai dukani. Haina kiazi. Nimeshindwa kuimaliza, nikaipeleka kwa Gunderman. Alikuwa peke yake, anatazama mechi ya wengine huku anaitukana televisheni taratibu, kwa pua. Tumekula kwa uma mbili kutoka sahani moja. Akasema ya Bertie ilikuwa bora. Nikasema ndiyo. Akasema, sana. Nikasema, Royce, nimesikia.

Kofia yangu nimeisahau kwake. Mpango uko palepale.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mechi ugenini. Ndani ya basi Tanner alikunywa chupa ya Gunderman kwa makosa. Yote! Tulipofika alikuwa ameshawachorea vijana mbinu mpya tisa na anazungumza na mlango.

Nusu ya kwanza, mwamuzi akamnyima kijana wetu Ellis kikapu halali, mbele ya macho ya umma. Vidonge vikashindwa. Pua ikashindwa. Gunderman akanyanyuka kama moshi! Nami nikakaa juu ya mikono.

Akavuka. Kosa la kwanza.

Aligeuka akaitazama mikono yangu. Nilidhani atafoka. Akaniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Dwight, mkono unakuuma?" Kisha akamwagiza mtu aniletee barafu. Nikawekewa barafu kwenye mkono mzima. Mungu ananiona.

Nusu ya pili, tumebanana kwa pointi moja. Ellis akaangushwa wazi, kipenga kimya. Gunderman huyoo! Koti likapepea. Nikayaona malimau.

Sikuamua kitu. Naandika hapa kwa ajili yangu mwenyewe: sikuamua. Mkono ulitoka peke yake, barafu ikaruka huko, vidole vikaingia kwenye ukanda ule wa pazia, nikahisi mishono yake mmoja mmoja. Nikashika. Gunderman akavuta, ni mtu mzito, nikatoka kitini, nikateleza kwa magoti hadi kwenye mbao za uwanja. Koti likachanika mpaka kwapani. Ukanda haukuachia hata uzi! Ncha za viatu vya Gunderman zikasimama juu ya mstari. Juu, si nje.

Tungemalizia hapo. Lakini mwamuzi akaja, akainama anibandue vidole. Nikamwambia akigusa pazia la mke wangu nitamng'ata.

Nikatolewa nje. Moja kwa moja.

Nimesikiliza mwisho wa mechi kutoka chumba cha kubadilishia nguo, kupitia ukuta, nikikisia kwa vifijo. Ugenini, kimya ndiyo habari njema. Kulikuwa na kimya kitamu sana.

Gunderman aliingia na koti lililochanika, akaketi karibu yangu. Akauliza ni nani atalishona sasa. Baadaye akatoa sindano kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akajaribu kutia uzi. Nikajaribu mimi. Ikabidi tumwite Tanner, mikono inamtetemeka kwa kahawa, na akaupitisha mara ya kwanza! Nilimchukia kidogo sana.

Jumatatu, 17 Februari

Bi. Pruitt amemchagua Tanner. Amesema, Dwight, kocha mkuu anayetishia kung'ata, wazazi nitawaambia nini? Sina hoja.

Gunderman amenipeleka kula sandwichi. Hakunipa pole. Akaniambia alijua kuhusu mikono, tangu Jumatano. Mtu hawezi kukaliwa nyuma miaka yote asijue mwenzake anapumuaje. Nikamuuliza, kwa nini basi hukusema? Akasema alitaka kuona kama nitaweza. Kisha, "Nilijua Bertie hatakuruhusu." Akamalizia kachumbari yangu.

Jioni Tanner amebisha hodi nyumbani. Amesimama kwenye theluji, kishikwambi hana, ndevu zimeganda. Anaomba nibaki kuwa msaidizi wake. Amesema, "Mzee, mimi hasira zangu ni mbaya kuliko za Kocha, hujaziona tu. Nani atanishika?" Nimemkaribisha ndani. Nimempa supu. Anakula vizuri, Bertie angempenda, inaudhi.

Tatizo ni kwamba Tanner anavaa sweta. Sweta halina pindo la kushika. Basi nimetoa kipande kilichobaki cha lile pazia, nimekata ukanda, nimemshonea mgongoni kwa ndani, mimi mwenyewe, kwa sindano ya Bertie. Nimejichoma mara nyingi. Tanner amelivaa, amejigeuza mbele ya kioo, machozi yamemlenga. Amenikumbatia.

Malimau yamekaa sawa. Kwa kweli yanapendeza.

Imeshathibitika kwamba mkono wangu hauaminiki. Kwa hiyo safari hii nimeutegemea uzi. Bertie angepiga mishono mitatu. Nimepiga mmoja, wa uzi mwembamba kuliko nyuzi zote kwenye kopo; hata mbuzi akivuta utakatika.

Mechi ya kwanza ya Tanner kama kocha mkuu ni Novemba.