Cherehani Iliyolilia Jina

Jumatatu, 16 Juni 2025

Leo nimeanza maisha mapya. Ijumaa nilikuwa Musoma kwenye semina ya wajasiriamali wadogo. Mtoa mada, kijana mwenye viatu visivyojua vumbi, alisema biashara nzuri ni ile inayotembea huku mwenye biashara amelala. Ukumbi mzima uliandika. Mimi nilipigia mstari mara tatu. Daktari naye ameniambia presha iko juu, nipunguze mwendo. Daktari na semina wamekubaliana! Mimi nani nibishe?

Vikwazo ni viwili. Shule zinafunguliwa tarehe nane mwezi ujao na rundo la vitambaa vya sare limefika dirishani. Pili, cherehani inalia. Si kulia kidogo, ni nguruwe aliyeshikwa mguu. Nimeitia mafuta ya alizeti, wakaja sisimizi.

Hamduni, fundi wa ng'ambo ya barabara na mpinzani wangu kwa miaka kumi na moja, anafungua duka alfajiri makusudi ili mimi nionekane mvivu. Leo amepaza sauti, Butiama nzima isikie, kwamba cherehani inataka mafuta ya cherehani, siyo ya maandazi. Kibao changu kinasema NGUO NZURI NI KWA KWANGU, maana Kwangu ndilo jina langu. Amesema nikirekebishe kisomeke kelele nzuri. Simjibu mtu wa namna hiyo.

Jumanne, 17 Juni

Nimeitibu cherehani! Bila mafuta.

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, ziwa halitaki, mgongo hautaki, wazee hawakimbilii dawa. Wanamwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Likifika lake, ananyamaza. Alikuwa analilia jina. Basi mchana wapo kina mama watatu wanasubiri sketi, cherehani inapiga mayowe, nikasema ngoja niwachekeshe. Nikawa nakanyaga huku naita. Nyamhanga! Inalia. Bibi Nyabise! Inalia. Babu Wambura! Inalia zaidi. Mugeta!

Kimya.

Gurudumu liliendelea kuzunguka, laini, bila hata mkwaruzo. Kina mama walicheka, kisha wakaacha. Mmoja alichukua kitambaa chake akasema amekumbuka ana maharage jikoni.

Baba mkubwa Mugeta alifariki mwaka 1998. Alikuwa fundi wa kusifiwa mpaka Musoma, na hakujua kupumzika. Siku ya harusi yake alimaliza pindo la suruali ya mteja ndipo akaenda kanisani. Nilipomsimulia mke wangu Ursula, hakucheka. Alisema jina la mtu si kitu cha kuchezea, tena wakati binti yetu Recho, aliyeolewa Manyamanyama kule Bunda, mimba yake imetimia. Sikuona mambo hayo yanahusiana vipi.

Alhamisi, 19 Juni

Baada ya ugali nilitandika mkeka nyuma ya pazia la duka. Saa nane mchana. Jua kali, kuku wamejificha, barabarani hakuna mtu. Nikasinzia.

Nikasikia trrr. Trrr. Trrrrr. Nikajua ni Ursula ananisaidia, nikamshukuru moyoni nikageukia ukutani. Nilipoamka, sketi tatu zilikuwa zimekunjwa mezani, marinda yamelala sawasawa. Nikaenda uani kumpongeza mke wangu. Hakuwepo. Jirani alisema ameenda gulioni tangu saa nne.

Nikarudi kuzikagua sketi. Mshono ni wa kurudia mara mbili, mimi sishoni hivyo. Ncha za uzi zilikuwa hazijakatwa kwa mkasi. Zilikuwa zimelowa. Baba mkubwa alikuwa anakata uzi kwa meno.

Nywele zilinisimama. Nilikaa chini kidogo. Halafu nikahesabu: sketi tatu, usingizi wa saa mbili. Woga ukapungua.

Ijumaa, 20 Juni

Nimebandika tangazo mlangoni: FUNDI ANAPUMZIKA, KAZI INAENDELEA. ACHA KITAMBAA NA VIPIMO.

Sijawahi kuishi hivi! Chai saa tatu. Kutazama mbuzi wakipanda mawe. Kulala. Nyuma ya pazia inaenda trrr, mimi naifuatisha usingizini. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nimegundua unaweza kuchumia kivulini hukohuko.

Kasoro ndogo tu. Suruali zote za shule zinatoka bugaluu, miguu mipana ya kufagia barabara. Mzazi mmoja alikuja kulalamika, lakini mzee aliyepita na baiskeli alishuka, akaishika ile suruali, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkono huo anaujua. Akavua kofia. Akaiamkia cherehani.

Jioni kabla jua halijazama Hamduni alivuka barabara, mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Hakunikejeli. Aliniambia amechungulia dirishani nikiwa mkekani, akaona kanyagio linapanda na kushuka, na mto wa kiti umebonyea katikati. Alisema, "Ndugu yangu Kwangu, mimi tangu zamani nakutaniaga tu. Hii siyo utani. Ita watu wakuombee." Wivu ni ugonjwa mbaya.

Jumapili, 22 Juni

Recho amejifungua! Mtoto wa kiume, mzima kabisa. Nimeruka sebuleni mpaka nikagonga taa. Ursula ameondoka na khanga mbili na ndizi kwenda Bunda. Aliniaga akinitazama sana.

Nilibaki na cherehani. Nikaitangazia kuwa nimepata mjukuu. Gurudumu likarudi nyuma mzunguko mmoja, taratibu, peke yake. Sikulipenda hilo.

Jumatatu, 23 Juni

Ursula amepiga simu asubuhi. Mtoto analia tangu jana. Hanyonyi, anaonja tone anaachia. Wameshamwitia majina ya upande wa baba, hakuna. Wakaja upande wetu. Walipotaja Mugeta alinyamaza ghafla, akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akangoja. Kisha akalia kuliko mwanzo, kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini. Nilijua. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilijua palepale.

Nikamwambia Ursula labda ni tumbo.

Zimebaki sare arobaini. Zikiisha tu, nitasema.

Jumanne, 24 Juni

Hospitalini wamempima mtoto, hawakuona ugonjwa. Amepungua uzito. Recho aliongea nami mwenyewe, sauti imekauka. Alisema, "Baba, hata machozi hana tena, analiaga makavu." Moyo uliniuma, nisidanganye.

Nikabuni mpango. Niliomba simu iwekwe sikioni kwa mtoto nimwitie jina jipya, zuri kuliko Mugeta. Nikamwita Magoti, babu aliyekuwa na ng'ombe mia mbili. Analia. Nikamwita jina la katekista wetu wa zamani wa Suguti. Analia. Nikamwita mchezaji mmoja wa mpira, marehemu lakini maarufu. Mkwe wangu akakata simu.

Mpango wa pili: kuongea na cherehani kiume. Nikavuta kiti. Nikasema, baba mkubwa, tugawane, asubuhi uwe huku, mchana uwe kwa mtoto. Nikaweka mkono mezani kwa heshima. Sindano ilishuka yenyewe, kidoleni. Damu ikadondokea kwenye kola ya mtoto wa darasa la tatu.

Mchana sikupata usingizi. Trrr ile ilikuwa ileile, ila sasa kila inapopumua kidogo nasikia mtoto. Umbali wote ule.

Alhamisi, 26 Juni

Shangazi Rebeka ameshuka bodaboda kutoka Buswahili saa moja asubuhi. Ni dada wa marehemu Mugeta, ana miaka themanini na moja. Ursula ndiye aliyemweleza. Hakunisalimia. Aliingia dukani, akasimama mbele ya cherehani, akakunja mikono, akasema, "Kaka, shikamoo." Kanyagio lilishuka mara moja.

Ndipo akanigeukia. "Wewe Kwangu, akili uliziwekaga wapi? Jina la mtu unakipa chuma? Mtoto amefika nyumbani hana pa kuingia, wewe umelala!" Nikajitetea kwa semina. Akauliza semina ni nani. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto: jina la mtu hukaa mahali pamoja tu. Likiwa hapa, kule hakuna mtu.

Nikataja sare zilizobaki, ishirini na sita. Shangazi alichukua bisibisi, akanishikisha. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokamatwa na maembe ya padri. Nikafungua skrubu.

Tulienda Bunda kwa bodaboda mbili, Shangazi mbele, mimi nyuma nimekipakata kichwa cha cherehani. Gurudumu lilizunguka lenyewe juu ya tumbo langu njia nzima. Dereva aliniuliza kama ni upepo. Nikasema ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Manyamanyama tulimsikia mtoto tangu njiani, sauti nyembamba ya kuku mgonjwa. Nilipokanyaga kizingiti, gurudumu lilisimama. Shangazi alivuta uzi kutoka kwenye cherehani, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, akaita, "Mugeta, karibu nyumbani." Mtoto akanyamaza. Akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja, polepole sana, kama mzee anayekagua mshono. Akapeleka mkono mdomoni, akauma ule uzi kwa ufizi, ukakatika.

Kisha akashika ziwa. Recho alilia, Ursula alilia, na mimi nililia nikajifuta kwa suruali ya mteja niliyokuwa nimefungia cherehani. Nikaapa mbele ya wote kwamba nimekoma.

Ijumaa, 27 Juni

Nimerudi peke yangu, nimefunga kichwa cha cherehani mezani. Nikakanyaga.

Mungu wangu! Kelele ya zamani ilikuwa wimbo. Hii inalia mpaka mbwa wa jirani wanajibu. Hamduni amevuka tena, amenipa chupa ya mafuta ya cherehani, bure, na kusema nitie matone matano. Nimemshukuru nikaiweka kabatini. Siwezi kumpa faida ya kusema alikuwa sahihi.

Sare ishirini na sita. Presha. Mgongo. Nilisikiliza pande zote, nikaona kuita majina machache si dhambi, mradi nisimguse Mugeta. Niliita ukoo mzima. Niliita wa mama. Niliita wakwe. Nikaishiwa marehemu. Cherehani inalia tu. Nikapiga meza kwa ngumi, nikapaza sauti kwa uchungu wa kweli: "Mbona kila balaa ni kwangu?"

Kimya.

Nilikaa nimeinua ngumi. Nikakanyaga polepole. Laini kama siagi. Nikajaribu kucheka. Kumbe ilikuwa inataka jina la mwenyewe, ndiyo haki. Tena huyu siye marehemu, hakuna wa kudaiwa, hakuna mtoto wa kulia. Shangazi angenipongeza.

Jumatatu, 30 Juni

Sare zote zimekwisha. Zimeshonwa kama ninavyoshona mimi, hata kosa langu la kupindisha mfuko wa kushoto lipo. Nimelala siku tatu. Sisikii njaa. Mkono wangu nimeutazama juani, mkeka unaonekana kupitia ngozi, nadhani ni macho yanataka miwani.

Ursula amerudi kutoka Bunda. Mjukuu amenenepa. Habari hiyo ameitoa akiwa amesimama mbele ya cherehani, anacheka nayo. Akaweka chai mezani pake, akasema, "Baba Recho, kunywa ingali moto," kisha akaja kuchukua ufagio nyuma ya pazia na kuniruka miguu. Mke wangu, ambaye hajawahi kuruka hata miguu ya mlevi! Nimemsamehe. Hakutaka kuniamsha.

Mchana Hamduni amekuja kuazima rula. Alipiga hodi, akaita Kwangu. Nikafungua mdomo niitikie, akaitikiwa kabla yangu, kutoka kwenye cherehani. Akachukua rula, akamsifu fundi kwa bidii, akaenda. Wateja wawili baadaye walifanya vivyo hivyo.

Sasa hakuna anayenisumbua kabisa. Kama ningejua kupumzika ni rahisi hivi, ningeanza tangu ujana.